Bonde la Kilombero na Timu Yangu ya Mbali

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Ifakara, twende pamoja leo. Ukitoka Morogoro kwa gari, shika barabara kuu ya Iringa mpaka Mikumi, kisha uiache na kugeuka kushoto. Utateremka hata Kidatu, utavuka mto Ruaha Mkuu, na mara utaona miwa kulia na kushoto, mpaka macho yachoke. Mkono wako wa kuume milima ya Udzungwa itakusindikiza njia nzima, imevikwa msitu toka miguuni hata kileleni. Pale Sanje utaona maji yakianguka kutoka juu, yapata mita 170, kama kitambaa cheupe kilichoanikwa jabalini. Utapita Mang'ula, penye ofisi za Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyowekwa mwaka 1992. Utapita Kiberege. Ndipo milima itakapokaa kando, nchi itafunguka, nawe utakuwa umefika Ifakara.

Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Siku hizi barabara ina lami. Njia nyingine ni reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860. Reli hiyo inakata bonde letu kwa urefu, Kidatu, Ifakara, mpaka Mlimba, kisha inaanza kupanda milimani.

Wageni wengi wafikao Ifakara huulizia Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Wengine huulizia taasisi ya utafiti wa afya, ambayo ilianza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi, na leo inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria na mbu. Ni haki waulizie, maana ni sifa ya mji wetu. Lakini mimi leo sitakupeleka hospitalini wala maabarani. Nitakupeleka mtoni na shambani, kisha nitakueleza habari za timu moja ya mpira ambayo haijapata kukanyaga Ifakara hata siku moja, nami nimeishangilia kwa miaka mingi hapa hapa bondeni. Ukimaliza kusoma, utajua kwa nini nimeyachanganya mambo haya mawili.

MTO WETU

Bonde letu limelala kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge. Mito mingi inaliteremkia, Mnyera, Ruhudji, Mpanga na mingineyo, na ikikutana ndiyo Kilombero, mto unaoupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Mvua huanza Novemba au Desemba. Ifikapo Machi na Aprili mto huvuka kingo zake, na mahali ulipopita kwa baiskeli mwezi wa Septemba sasa utapita kwa mtumbwi. Bonde linageuka ziwa. Viboko wanaogelea mahali palipokuwa na njia ya ng'ombe, na sheshe, wale swala wa bondeni kwetu, wanasogea penye nchi kavu. Mwaka 2002 bonde hili liliandikwa katika orodha ya dunia ya ardhi oevu zinazostahili kulindwa.

Mtu wa mbali akiyaona maji hayo husema, "Masikini watu hawa!" Hajui. Maji yale ndiyo yanayoleta rutuba, ndiyo yanayolisha mpunga, ndiyo yanayolea perege na kambale. Wandamba, ambao ndio wenyeji wa mto, wanalijua jambo hili tangu babu zao. Sisi wakulima, msimu ukianza, tunafunga nyumba zetu za kijijini na kuhamia mashambani. Huko hujenga dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, tukala humo, tukalala humo, tukaamia ndege toka alfajiri hata jua kuchwa.

Basi kuna miaka maji huzidi, na mpunga ukaoza. Kuna miaka maji hupungua, na mpunga ukakauka ungali mchanga. Na kuna miaka maji huja kwa kiasi, na ghala zikakosa nafasi. Lakini sijapata kumwona mzee wa Kilombero akilichoma moto dungu lake na kulihama bonde kwa sababu ya mwaka mmoja mbaya. Shika neno hilo, ndugu msomaji, maana nitalirudia.

KIJANA WA DAR ES SALAAM

Dada yangu alikuwa akikaa Dar es Salaam na mwanawe wa kiume. Mwaka 2008 mtoto huyo alikuwa na miaka 13, lakini urefu wake ulikuwa wa mtu mzima. Kila likizo aliletwa kwangu Ifakara kusaidia shamba, na mwaka ule alikuja na habari mpya mdomoni, habari ya Hasheem Thabeet.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam Februari 1987. Alikuwa amekwisha fika miaka 15 ndipo alipoanza kucheza mpira wa kikapu. Akavuka bahari kwenda Marekani kusoma, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Urefu wake ni futi 7 na inchi 3. Kikapu chenyewe kiko futi 10 juu ya ardhi, basi fahamu mwenyewe ilikuwaje mtu wa namna ile akisimama chini yake na kuinua mkono. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia. Mpinzani akirusha mpira, mkono wa Thabeet uko pale.

Mimi sikuupenda mchezo ule mara moja. Nilichopenda kwanza ni habari ya chuo chenyewe. Hakiko katika mji mkubwa. Kiko Storrs, mahali pa mashamba, na kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo, kwa ardhi waliyoitoa ndugu wawili wa ukoo wa Storrs. Hata leo wanafuga ng'ombe wa maziwa pale pale chuoni. Nikasema, "Kumbe! Hawa nao ni watu wa shamba kama sisi." Timu yao inaitwa Huskies, jina la mbwa wa nchi za baridi wanaokokota mizigo juu ya theluji.

Mashindano yao makubwa huwa mwezi wa Machi. Vyuo zaidi ya 60 vya Marekani huitwa, na ukishindwa mara moja umekwisha, unafunga mizigo. Anayebaki mwisho ndiye bingwa, na bingwa hupatikana mwanzo wa Aprili. Yaani, ndugu msomaji, siku zile zile mto wetu unapojaa. Na kwa kuwa saa za kwao ziko nyuma yetu, mchezo wa mwisho unaochezwa kwao usiku, kwetu huwa ni saa kumi alfajiri, jogoo wanapoanza.

Mwaka wa kwanza wa Thabeet timu ilishinda mara 17, ikashindwa mara 14, na haikuitwa kwenye mashindano. Mwaka wa pili iliitwa, ikatolewa mchezo wa kwanza na chuo cha San Diego, 70 kwa 69. Pointi moja tu! Mwaka wa tatu, 2008 hadi 2009, ikawaka kama moto wa nyika. Januari, walipocheza na Providence, Thabeet alitia pointi 15, akadaka mipira 11 iliyogonga kikapu, na akazuia mipira 10. Mpwa wangu alinitumia ujumbe huo kwa simu ya mama yake, nami nikausoma mara tatu.

Asubuhi ya tarehe 13 Machi 2009 sitaisahau. Nilikuwa shambani. Pale dunguni simu haishiki, lakini kuna kichuguu kikubwa, na ukipanda juu yake unapata. Nilipanda alfajiri, ujumbe ukaingia: "Mjomba, wametoka sare na Syracuse, wanaongeza dakika tano." Nikangoja. "Mjomba, sare tena, wanaongeza." Nikangoja. Jua likatoka, ndege wakashuka katika mpunga, mke wangu akaniita kwa sauti kubwa kutoka dunguni, nami niko juu ya kichuguu kama mlinzi wa mfalme. Waliongeza mara sita! Ilipata saa mbili na dakika zaidi ya 20 asubuhi ya kwetu, na kwao usiku wa manane umekwisha pita, ndipo Syracuse waliposhinda, 127 kwa 117. Ndege walikuwa wamekula sehemu yao ya mpunga, na mke wangu alinieleza maneno ambayo sitayaandika hapa.

Hata hivyo walisonga mbele katika mashindano makubwa, wakabaki vyuo vinne. Wakacheza na Michigan State mjini Detroit, ndani ya jimbo la wapinzani wao, mbele ya watu zaidi ya elfu 72. Kwetu ilikuwa saa saba ya usiku, kuamkia Jumapili ya Matawi. Wakashindwa, 82 kwa 73. Asubuhi nilishika tawi langu kama watu wote, lakini uso wangu, nadhani, ulikuwa wa Ijumaa Kuu.

MPIRA CHINI YA MWEMBE

Juni mwaka ule timu za kulipwa za Marekani zilipochagua vijana wa vyuo, Thabeet alichaguliwa wa pili katika vijana wote. Hakuna Mtanzania aliyepata kufika huko kabla yake. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, nami nitakuwa hivyo."

Nami nilifanya nini? Nilimnunulia mpira. Nilimwendea fundi wa kuchomelea, akakunja nondo kuwa duara, tukaipigilia juu ya mwembe nyuma ya nyumba. Kila likizo alirusha mpira pale mpaka giza. Sikumwuliza habari za vitabu. Naandika jambo hili wazi, maana ni kosa langu, wala si la mtu mwingine.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa ukame. Thabeet ameondoka, timu ikashinda mara 18 na kushindwa 16, haikuitwa kwenye mashindano makubwa. Huku nyuma Thabeet mwenyewe akateremshwa kwa muda kwenda kucheza katika ligi ndogo. Mpwa akasema, "Mjomba, tuwaache. Mtu wetu hayupo, timu si yetu tena." Nikamjibu, "Mwanangu, je, mwaka jana mpunga ulipokauka tulibomoa dungu?" Akacheka, akanyamaza.

Na mwaka 2011 tulilipwa. Katika ligi yao ya vyuo 16 walimaliza wa tisa. Nani angewatazamia? Kisha katika mashindano ya ligi wakacheza siku tano mfululizo, wakashinda siku zote tano, wakiongozwa na kijana mmoja mfupi kuliko wenzake wengi, Kemba Walker. Wakaingia mashindano makubwa, wakashinda sita zaidi. Mchezo wa mwisho, na Butler, niliufuata kwa simu yangu ndogo ndani ya chandarua, tarakimu tupu bila picha, mvua ikipiga bati. Ulikuwa mchezo mbaya kuutazama, walisema watu, maana mipira haikuingia. Mimi sikuutazama, kwa hiyo kwangu ulikuwa mzuri sana. 53 kwa 41. Kocha wao Jim Calhoun alikuwa mzee wa miaka 68.

Asubuhi nilikwenda penye baraza la kahawa, nikawatangazia. Pale kuna watu wa Simba na watu wa Yanga, na wengine hawajui hata kikapu ni cha nini ila cha kubebea mihogo. Mzee mmoja akaniuliza, "Hao wanafunzi wa Marekani wanakujua?" Nikasema, "La." Akasema, "Basi mwenzetu umeoa mke asiyejua kama ameolewa." Walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

MWAKA WA SIFURI

Sasa nafika penye jambo lenyewe.

Februari 2013 matokeo ya kidato cha nne yalitangazwa. Wazazi wengi wanakumbuka mwezi ule. Katika matokeo ya kwanza, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walipata sifuri. Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Dada yangu alinipigia simu, hakusalimu, akasema, "Kaka, mpira wako umetuletea sifuri." Kisha akakata.

Sikuwa na neno. Ningeweza kusema, "Wamefeli wengi." Lakini mtoto wa jirani yake, aliyesoma darasa moja na mpwa wangu, alifaulu, na yeye hakuwa na mpira.

Akaletwa kwangu, kijana wa miaka 18, mrefu kama mnazi, hataki kuinua macho. Akaniamkia, "Shikamoo mjomba," nikaitika, "Marahaba," na hatukuwa na zaidi. Tukaenda shambani. Wiki mbili tukalala dungu moja, tukaamia ndege, tukala wali na kitoga, hatutaji mpira wala mitihani.

Siku moja jioni akaniuliza mwenyewe, "Mjomba, mwaka huu Connecticut hawamo katika mashindano?" Nikamwambia, "Wamefungiwa." Akashangaa. Nikamweleza.

Huko Marekani mchezaji wa chuo ni mwanafunzi kwanza. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo huhesabu, mwaka hata mwaka, wachezaji wangapi wamebaki darasani na kufaulu masomo yao. Timu ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, hufungiwa. Connecticut, mabingwa wa 2011, hesabu yao ya miaka ya nyuma ilikuwa chini. Basi msimu wa 2012 hadi 2013 walikatazwa mashindano yote ya mwisho. Mzee Calhoun alikuwa amekwisha staafu, na kazi akapewa Kevin Ollie, aliyepata kuchezea chuo hicho hicho. Wachezaji wengine wakahamia vyuo vingine, wengine wakaenda kwenye mpira wa kulipwa. Waliobaki walicheza michezo 30, wakashinda 20, wakijua tangu siku ya kwanza kwamba hakuna kombe mwishoni.

Mpwa wangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Lakini mjomba, waliofeli masomo si hao wanaoadhibiwa. Wale wameshaondoka."

Alisema kweli, nami sikumbishia. Nilimwonyesha maji chini ya dungu. Nikamwambia, "Anayekata miti kule juu milimani siye anayefurikwa huku chini. Ndivyo yalivyo. Mimi nilikukatia miti, mwanangu, nikidhani nakusaidia. Nisamehe. Lakini aliye majini sasa ni wewe, na anayepiga kasia ni wewe."

Hakunijibu usiku ule. Asubuhi aliniuliza ada ya kurudia mtihani ni kiasi gani.

WALIOBAKI

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba mambo yalinyooka mara moja. Alirudia mtihani mwaka ule, akapata nafuu kidogo, haikutosha. Ikabidi arudie tena. Mchana alilima nami, usiku alisoma bayolojia na kemia kwa taa, na mbu wa Kilombero hawamwachi mtu asome kwa raha.

Mwaka 2014 timu ikaruhusiwa tena. Tarehe 8 Machi walipigwa na Louisville, 81 kwa 48. Pointi 33! Nilifunga simu, nikasema moyoni, "Wamekwisha." Mpwa ndiye aliyenitia moyo safari hii. Akasema, "Mjomba, dungu." Naam, baada ya mwezi mmoja tu, saa kumi alfajiri ya tarehe 8 Aprili, timu ile ile iliwashinda Kentucky, 60 kwa 54, ikawa bingwa. Mbele yao aliongoza Shabazz Napier, ambaye wenzake walipohama mwaka wa kufungiwa, yeye alibaki. Baada ya mchezo aliwakumbusha watu wote waziwazi kwamba hao ndio wale waliofungiwa.

Mwaka ule ule wa 2014 mpwa wangu alifanya mtihani mara ya tatu, akapata alama za kumwingiza katika mafunzo ya uuguzi. Hakuwa Thabeet. Nondo yetu bado iko juu ya mwembe, imeshika kutu, na siku akija bado anarusha mpira, lakini anarusha kama mtu anayepumzika baada ya kazi.

Timu nayo ikaingia kiangazi kirefu. Miaka mitatu mfululizo, toka 2016 hata 2019, walishindwa mara nyingi kuliko walivyoshinda. Kocha akaondolewa, akaja mwingine, Dan Hurley. Miaka hiyo nilipotaja Connecticut penye kahawa hakuna aliyecheka tena, maana hata kucheka walichoka. Nilifuata hivyo hivyo, asubuhi nikisoma tarakimu, nikiweka simu mfukoni, nikishika jembe.

Miaka hiyo hiyo mto wetu ulipata daraja. Kwanza tulivuka kwa pantoni, tukingoja saa nyingi, na Januari 2016 dhoruba ilikizamisha kivuko. Daraja jipya, la urefu wa mita 384, lilifunguliwa rasmi Mei 2018. Sasa unavuka kwenda Minepa, Lupiro na Mahenge kwa muda wa kumaliza kuimba wimbo mmoja. Ukivuka, simama kidogo utazame chini. Mto haukutoweka kwa kuwa limejengwa daraja. Uko pale pale, unajaa na kupungua.

USIKU WA FURAHA NA HASARA

Msimu wa 2022 hadi 2023 walishinda michezo 14 ya kwanza bila kushindwa, kisha katika minane iliyofuata wakashindwa sita. Watu wa Marekani wakapiga kelele. Mimi nilinyamaza, nimekwisha zoea. Aprili wakawa mabingwa, wakiwashinda San Diego State 76 kwa 59. Mwaka uliofuata walikuwa wakali zaidi, walishinda 37 na kushindwa 3 tu. Katika mchezo mmoja wa mashindano makubwa walikuwa sare na Illinois, 23 kwa 23, halafu wakatia pointi 30 kabla Illinois hawajatia hata moja.

Lakini Aprili 2024 mvua ilikuwa imetushika. Ni zile mvua kubwa zilizofurisha Rufiji, na huku juu kwetu bondeni pia maji yalipita kiasi. Shamba langu lilizama lote. Dungu lilisimama katikati ya maji, peke yake. Alfajiri ya tarehe 9 Aprili nilikuwa kijijini, sina usingizi, nahesabu deni la mbegu na la trekta. Saa kumi nikawasha simu, kwa mazoea tu. Waliwashinda Purdue, 75 kwa 60. Mabingwa mara ya pili mfululizo, na mara ya sita kwa jumla.

Sikujua nicheke au nilie. Mke wangu aliamka akaniuliza, "Wameshinda?" Nikasema, "Wameshinda." Akasema, "Afadhali kuna mmoja aliyeshinda." Tukacheka wote wawili gizani, na deni liko pale pale.

Asubuhi mpwa wangu alikuja. Yeye ni muuguzi katika zahanati moja ng'ambo ya mto. Alikuwa amevuka daraja kwa pikipiki, na nyuma yake amefunga gunia la unga na maharage. Alitua mzigo, akaniamkia, kisha akasema, "Mjomba, pole kwa shamba. Na hongera kwa kombe." Dada yangu alipopata habari ya gunia lile, alinipigia simu. Safari hii alisalimu kwanza.

Msimu uliofuata, Novemba 2024, timu ilikwenda visiwa vya Hawaii, ikashindwa mara tatu kwa siku tatu. Na Machi 2025 ikatolewa na Florida, 77 kwa 75. Mto umejaa, mto umepungua. Sisi tulipanda tena.

Ndugu msomaji, huenda wewe hupendi mpira wa kikapu, wala huna haja ya kuupenda. Lakini una shamba, au una timu, au una mtoto. Kuna watu wanaokuja bondeni kwetu mwezi wa Juni tu, mpunga ukiwa umekwisha vunwa, wananunua kwa bei ndogo na kuondoka na malori. Hao hawajui Kilombero. Anayelijua ni yule aliyelala dunguni Machi. Kwa mtoto ni hivyo hivyo. Ni rahisi kumshangilia siku ya kombe. Mimi nilimshangilia mpwa wangu siku za raha bila kumwuliza habari za vitabu, na karibu nimpoteze. Nililofanya jema ni moja tu: mwaka wa sifuri nilikaa naye.

Ukipata safari, njoo Ifakara. Uje Agosti ule samaki na wali mpya, barabara ni kavu. Au kama una moyo, uje Aprili, nikupeleke shambani kwa mtumbwi. Dungu bado limesimama. Na ukiniona nimepanda juu ya kichuguu alfajiri na simu mkononi, usiniite kwanza. Ningoje kidogo, huenda wanaongeza dakika tano.